Tazama Bawa Kabla ya Kichwa: Kumtambua Kubwiro Kichwa-kijani

(Mazungumzo haya yalitolewa Muheza, mkoani Tanga, mbele ya waongoza wageni, walimu na wajumbe wa kamati za mazingira za vijiji. Yameandikwa upya ili wasiokuwepo nao wayasome.)

Wazee wangu, walimu, waongoza wageni wenzangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango: assalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe. Asanteni kwa kuniita. Nimeombwa nizungumzie ndege mmoja tu, na ombi hilo limenifurahisha, kwa sababu ndege huyu anatuhusu sisi wa Usambara Mashariki kuliko watu wa karibu sehemu nyingine yoyote duniani. Ni kubwiro kichwa-kijani. Wataalamu wanamwita Oriolus chlorocephalus. Wageni wanavuka bahari kuja kwenye msitu wetu wa Amani wakiwa wameliandika jina lake juu kabisa ya orodha zao, nasi tunaoishi chini ya miti yake tunamsikia kila wiki bila kugeuza shingo.

Niingie moja kwa moja kwenye kazi. Mtu akikuonyesha ndege wa manjano kileleni mwa mti na kukuuliza ni nani, jicho linakimbilia kichwani. Jina lenyewe linakusukuma huko: kichwa-kijani, kichwa-cheusi. Leo nawaomba mfanye vingine. Kwanza angalieni mlipo ninyi wenyewe. Kisha tazameni bawa. Kichwa kitafuata, na sauti itathibitisha.

Nieleze sababu. Kijani cha kichwa cha ndege huyu ni kizito, cha zeituni, hakina mng'ao. Kinashuka kooni mpaka sehemu ya juu ya kifua, kinakatika ghafla, halafu inaanza manjano iliyoiva, tupu, hadi chini ya mkia. Mgongo nao ni kijani, na kati ya kijani cha kichwa na kile cha mgongo kuna ukosi wa manjano kisogoni. Mdomo ni mwekundu uliofifia, na jicho ni jekundu. Dume na jike wanafanana. Ukimtazama akiwa kwenye jua la saa mbili asubuhi, ametua kwenye tawi lililo usawa wa macho yako, huhitaji mwalimu. Lakini ni mara ngapi atakupa nafasi hiyo? Yeye ni ndege wa vileleni. Unamtazama kutoka chini, shingo imekupinda, nyuma yake kuna anga nyeupe ya ukungu, na katika mwanga huo kijani kizito kinageuka cheusi kabisa. Unachoona ni ndege wa manjano mwenye kichwa cheusi na mdomo mwekundu. Na ndege wa namna hiyo tunaye kweli, tena wengi: kubwiro kichwa-cheusi, Oriolus larvatus, ambaye yupo kwenye mashamba, kwenye miombo, kwenye bustani za pwani, na kwenye kingo za misitu yetu hii hii.

Wawili hawa wana ukubwa unaokaribiana sana, sentimita 20 na ushee. Midomo yao inafanana. Macho yao ni mekundu. Wote ni wa manjano tumboni. Kwa hiyo ukubwa, mdomo, jicho na tumbo havitakusaidia, na kichwa kitakudanganya kwa sababu ya mwanga. Bawa ndilo linalobaki.

Bawa la kubwiro kichwa-cheusi lina mambo mengi: lina weusi, lina kingo nyeupe na za kijivu, na lina doa jeupe dogo linaloonekana wazi ndege akikaa ubavu. Hata kwenye mwanga mbaya unaona bawa lililochorwachorwa. Bawa la kichwa-kijani limetulia. Ni kijani kile kile cha mgongoni, na manyoya ya kurukia ni ya kijivu chenye usamawati. Mgongo na bawa vinaungana bila mpaka mkali. Ukiona bawa lenye weusi na weupe unaogombana, umemwona kichwa-cheusi, hata kama kichwa chake kilionekana kijani kwa sababu ya kivuli cha majani. Ukiona bawa la rangi moja, tulivu, tulia na wewe, usimwondolee darubini, subiri ageuke.

Kuna jambo linalowapoteza hata watazamaji wenye uzoefu, nalo ni makinda yaliyokwisha kuruka. Kinda wa kichwa-cheusi hana kichwa cheusi safi. Kichwa chake kimefifia, kina michirizi, na mdomo wake bado ni mweusi. Mtu anayetafuta kichwa-kijani kwa hamu akimwona kinda huyo anaona anachotaka kuona. Kinda wa kichwa-kijani naye amefifia, koo lake lina manjano yenye michirizi ya kijani. Hapo tena bawa ndilo linaloamua. Na wazazi kwa kawaida hawako mbali. Subirini mpaka mmoja wao aje kumlisha.

Wapo pia kubwiro wengine wa manjano watakaopita machoni mwenu, nao niwataje kwa haraka. Kuanzia karibu Aprili hadi Agosti, pwani yetu hupokea kubwiro-dhahabu wa Afrika, Oriolus auratus, anayekuja kutoka kusini akiwa hayuko katika msimu wa kuzaa. Huyu kichwa chake ni cha manjano, na ana mstari mweusi unaopita jichoni na kuendelea nyuma yake. Kuanzia Oktoba wanapita kubwiro-dhahabu wa Ulaya, Oriolus oriolus, na wanapita tena Machi na Aprili wakirudi kwao. Dume wa Ulaya ana mabawa meusi na weusi wake unaishia mbele ya jicho. Majike na vijana wa hawa wa Ulaya wana kijani juu na michirizi kifuani, na hao ndio wanaoitwa kichwa-kijani kimakosa. Lakini tumbo lao ni jeupejeupe lenye michirizi. La ndege wetu ni manjano tupu. Wenzetu wa nyanda za juu za Kenya wana kubwiro wa milimani, Oriolus percivali, ambaye hapa Tanzania yupo Mahale, mbali nasi kabisa. Waganda na Wakongo wana wao wengine wa misitu ya magharibi. Hakuna hata mmoja kati ya hao atakayewasumbua mkiwa Amani.

Sasa nirudi kwenye lile la kwanza, la kuangalia mlipo, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha yote ninayotaka kusema.

Kubwiro kichwa-kijani ni ndege wa msitu wa kijani kibichi usiopukutisha majani, na anautaka msitu wenye miti mirefu. Kutoka geti la Zigi ukipanda kwenda Amani, ukiacha nyuma mitiki ya Longuza, unaingia kwenye msitu wenye minyasa, mitambara na misambu. Hapo ndipo kwake. Anakaa juu, anatembea polepole kwenye matawi makubwa akitafuta viwavi na wadudu wengine, na miti ya matunda ikiiva anakuja kwenye matunda. Mara nyingi huandamana na kundi la ndege wa aina mbalimbali wanaopita vileleni pamoja: mramba wa msituni, chozi, na wengine wadogo wa majani. Mkisikia msitu uliokuwa kimya umejaa minong'ono ya ndege ghafla, msikimbilie walio chini. Inueni macho.

Na hapa niseme jambo la vitendo kwa waongoza wageni. Msimpeleke mgeni katikati ya msitu na kumwambia atazame juu. Atapata maumivu ya shingo na kivuli cheusi. Tumieni mlima. Barabara ile ya kupanda ina kona nyingi ambapo unasimama upande wa juu, na vilele vya miti iliyoota bondeni viko usawa wa macho yako au chini yake. Simameni hapo. Ndege akitua, nyuma yake kuna majani badala ya anga, na rangi zinarudi mahali pake: kijani kinakuwa kijani, na ukosi wa manjano unaonekana. Asubuhi ukungu ukishaanza kuinuka ndio wakati mzuri. Sehemu ya kusimama ina uzito kuliko bei ya darubini.

Sauti yake nayo muijifunze kwa masikio yenu, msitegemee simu. Ina filimbi nzito yenye maji, ya sehemu mbili tatu, inayotoka juu na kubebwa mbali. Kubwiro wote wa Afrika wana filimbi ya ukoo huo, na kichwa-cheusi anaweza kuwayumbisha. Halafu kuna ile sauti ya pili, ya puani, inayonyong'onyea, kama paka aliyefungiwa nje usiku. Watoto wa Amani wanaijua hata kama hawamjui mwenyewe. Mkiisikia kutoka kilele cha mti mkubwa ndani kabisa ya msitu, mbali na shamba, basi mna sababu nzuri ya kusubiri. Nawasihi jambo moja: msicheze sauti iliyorekodiwa mara kwa mara ili kumvuta. Anadhani mpinzani ameingia katika eneo lake, anaacha kulisha, anahangaika. Katika msimu wa kiota ni kumwonea. Kiota chenyewe ni kikombe kinachoning'inizwa kwenye panda ya tawi, juu sana, kimesukwa kwa zile ndevu za kijivu zinazoota kwenye miti ya mlimani. Mgeni anayelipa vizuri anaweza kusubiri nusu saa. Ndege anayelea hawezi.

Ndugu zangu, ukiifungua ramani ya ndege huyu utashangaa. Haina umbo la nchi. Ni vitone. Kaskazini kabisa kuna kitone kimoja Kenya, vilima vya Shimba kule Kwale. Halafu Usambara Mashariki yetu. Halafu Nguru, Uluguru, Udzungwa. Kisha pengo kubwa, ndipo unakuja kusini mwa Malawi, na Msumbiji, ambako mlima Gorongosa ndio mahali pekee kusini mwa mto Zambezi anakopatikana. Kati ya kitone na kitone ni nyika, miombo, mashamba, mabonde ya joto. Hakai humo. Ndege mwenye mabawa mazuri kabisa ya kurukia, lakini maisha yake yote yamefungwa na msitu wenye unyevu.

Misitu hii ya Usambara, Nguru, Uluguru na Udzungwa ni sehemu ya mnyororo tunaouita Milima ya Tao la Mashariki, unaoanzia Taita nchini Kenya. Ni milima ya miamba mikongwe, na kinachoilisha ni upepo wa Bahari ya Hindi. Upepo unakuja na unyevu, unagonga mlima, unapanda, unapoa, unakuwa ukungu na mvua. Kwa muda mrefu sana hali hiyo haikubadilika kiasi cha kuua misitu, hata nyakati ambazo sehemu nyingine za Afrika zilikauka. Ndiyo maana kuna viumbe hapa ambavyo havipo pengine popote. Lakini zaidi ya theluthi mbili ya msitu wa asili wa Tao la Mashariki umekwisha kutoweka. Tunachokizungumzia leo ni kilichobaki.

Historia ya jina lake inaonyesha jinsi vitone hivi vilivyofahamika kimoja kimoja. Mwaka 1896, Mwingereza George Ernest Shelley alimweleza kisayansi kutokana na ndege waliopatikana mlima Chiradzulu, kusini mwa Malawi ya leo. Miaka 50 baadaye, mwaka 1946, Constantine Benson aliwatenga ndege wa kwetu kuwa nususpishi yao, yaani kundi lao ndani ya spishi ile ile, na kuwapa jina amani. Naam, Amani hii. Kijiji chetu kiko ndani ya jina la ndege, Oriolus chlorocephalus amani, nalo linasomwa katika makumbusho ya London na New York. Mwaka 1969 mtaalamu wa ndege Clancey akawatenga wale wa Gorongosa. Katikati ya miaka hiyo, kuanzia 1928 hadi 1946, Reginald Moreau aliishi hapo juu Amani akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo, na muda wake wa ziada akautumia kuandika juu ya ndege wa milima hii. Mengi tunayoyajua juu ya ndege wa Usambara yana mizizi katika madaftari ya miaka hiyo. Nataka walimu waliopo hapa waliweke hili darasani: Amani ni jina kubwa katika elimu ya ndege duniani, na mtoto wa Amani ana haki ya kulijua hilo kabla ya mgeni.

Lakini tutazame kile kitone cha kwanza kufahamika, cha Malawi. Kule kusini, katika wilaya ya Thyolo, wilaya ya chai, palikuwa na msitu mlimani uliokuwa makazi mashuhuri ya ndege huyu. Mwishoni mwa karne iliyopita na mwanzoni mwa hii, msitu ule ulifyekwa kwa mashamba mpaka karibu uishe wote. Watu waliolima pale hawakuwa waovu. Walikuwa na njaa na hawakuwa na ardhi, kwa sababu ardhi nzuri chini ya mlima ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na mashamba makubwa. Hilo ni lazima lisemwe kila tunapolaumu jembe. Na lazima pia lisemwe kwamba kubwiro hawa hawakuhamia kwenye migomba wala kwenye chai. Kichwa-cheusi angehamia. Kichwa-cheusi anaweza kuishi na mikorosho, miembe na mikaratusi. Kichwa-kijani haendi popote msitu wake ukiisha, kwa sababu kitone kinachofuata kiko mbali, na kati yake hakuna kivuli cha kumsitiri.

Sasa mnaona kwa nini nasumbuka na bawa na kichwa. Mtu akimwandika kichwa-cheusi wa shambani kuwa kichwa-kijani, ameweka kitone kwenye ramani mahali ambapo hakuna msitu. Atakayesoma ramani hiyo ofisini atasema, "Kumbe huyu ndege anaweza kuishi mashambani, basi hana tatizo." Kinyume chake ni kibaya vile vile. Mtu akimwona kichwa-kijani kwenye kipande kidogo cha msitu wa kijiji, akamwandika kichwa-cheusi kwa sababu anga ilikuwa nyeupe, kipande kile kinakosa shahidi wake. Kwa ndege wa kawaida kosa moja humezwa na maelfu ya kumbukumbu sahihi. Kwa ndege wa vitone, kumbukumbu moja ni kitone kizima.

Chukueni mfano wa Shimba. Nchini Kenya, nchi yenye zaidi ya spishi elfu moja za ndege, huyu anajulikana kutoka vilima vile tu, na hata huko ni adimu. Shimba imezungukwa na nchi ya pwani iliyojaa kubwiro kichwa-cheusi, na katika miezi ya katikati ya mwaka wanaongezeka kubwiro-dhahabu wa Afrika. Kwa hiyo kila anayedai kumwona huko anapaswa kuulizwa maswali, bila dharau: ulikuwa ndani ya msitu au ukingoni? Uliona bawa? Nyuma yake palikuwa na majani au anga? Alilia? Mtu mwenye majibu ya maswali hayo amelisaidia taifa zima la Kenya kujua kama bado lina ndege huyo. Wenzetu wa Kwale wana misitu ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, iliyotunzwa na wazee vizazi kwa vizazi, na mimi naamini macho ya vijana wa huko yakifundishwa vizuri yatatupa habari njema.

Kwetu hapa tuna nafasi bora. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilianzishwa mwaka 1997, na ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini. Kimataifa ndege huyu bado amewekwa katika kundi la wasio na hatari kubwa kwa sasa, na katika misitu yetu si adimu. Nalisema hili wazi ili mtu asiondoke akidhani nimekuja kutangaza msiba. Lakini Amani siyo msitu mmoja ulionyooka. Ni mchanganyiko wa msitu, mashamba ya chai, vijiji, na mashamba ya iliki chini ya miti. Upande wa Derema kuna ukanda unaounganisha msitu wa Amani na misitu ya kaskazini yake. Ili ukanda ule ubaki, wakulima waliacha mashamba yao ya iliki yaliyokuwa yakisomesha watoto. Wapo waliolipwa wakaona haitoshi, na wapo miongoni mwenu hapa ambao jambo hilo bado linawauma. Sitalipita kwa maneno matamu. Msitu ule una deni kwa watu wale. Na ninaposema kubwiro anapita Derema kutoka upande mmoja kwenda mwingine, nataka kila mgeni anayempiga picha pale aambiwe ni nani waliompisha. Mwongoza wageni anayemwonyesha ndege akaacha habari hiyo ameonyesha nusu.

Kuna pia mti tulioletewa, Maesopsis eminii. Unakua haraka, hondohondo wanakula matunda yake na kuzitapakaza mbegu, na kila palipoanguka mti mkubwa au palipokatwa huwa unawahi kuota. Msitu uliojaa Maesopsis unaonekana kijani kwa mbali, lakini siyo msitu ule wa mitambara na misambu. Mnapoandika mahali mlipomwona kubwiro, andikeni na mti. Hiyo ni habari ambayo wanaosimamia hifadhi wanaihitaji, na mnaoweza kuitoa ni ninyi mnaoijua miti kwa majina.

Kuandika basi. Sihitaji daftari la kifahari. Andika tarehe, saa, na jina la mahali kama wenyeji wanavyopaita, kwa sababu jina la wenyeji ni sahihi kuliko "kilomita tatu baada ya geti". Andika mwinuko kama simu yako inaonyesha. Andika kama ulikuwa ndani, ukingoni au nje ya msitu. Andika ulichokiona kwenye bawa. Kama hukuliona bawa, andika hivyo, halafu andika "kubwiro" tu bila kumpa kichwa. Kumbukumbu ya "kubwiro, hakuthibitika" ina heshima yake. Na siku mliyopita asubuhi nzima msimwone wala kumsikia, iandikeni nayo, pamoja na njia mliyopita na saa mlizokaa. Ofisi nyingi zina orodha ndefu za mahali ndege walipoonekana, na hazina kitu juu ya mahali walipotafutwa wakakosekana. Mkiwa na daftari la namna hiyo kwa miaka kadhaa, mtajua kabla ya mtu yeyote kama kipande fulani cha msitu kimeanza kunyamaza. Kumbukumbu zenu zipelekeni kwenye Atlasi ya Ndege wa Tanzania, na wenzetu wa Kenya wana mradi wao wa ramani ya ndege unaopokea za kwao. Nakala moja ibaki kijijini, kwenye ofisi ya kijiji, ili mtoto wa darasa la saba aweze kuisoma.

Baada ya mazungumzo, mama mmoja kutoka kamati ya kijiji aliuliza swali ambalo naona lilistahili kuulizwa mapema zaidi: ndege huyu ana faida gani kwake yeye anayelima? Nilimjibu hivi, na nalirudia hapa kwa maandishi. Anakula viwavi, lakini anawala vileleni mwa msitu, siyo kwenye mahindi yako, kwa hiyo sitakudanganya kwamba atakulindia shamba. Matunda yako hagusi, kwa sababu haji shambani. Faida yake ni kwamba anahitaji kile kile unachokihitaji wewe. Mto Zigi unatoka kwenye misitu hii, na maji yake ndiyo yanayokwenda kunywewa Tanga mjini. Msitu unaomtosha kubwiro una miti mikubwa ya kukamata ukungu, na ukungu huo ndio unaoulisha mto kiangazi. Akakubali kwa kichwa, kisha akauliza kama watu wa Tanga wanalipa chochote kwa wanaoulinda msitu huo. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Swali hilo tumeliandika katika kumbukumbu za mkutano, na kamati imekubaliana kulipeleka kwa maandishi halmashauri ya wilaya na kwa mamlaka ya maji.